Memori Si Ghala

   Nazungumza hasa na wasikilizaji wa Kitui na Makueni wanaonisikiliza kwa ile redio ndogo inayoning'inia shingoni mwa mchungaji, au iliyofungwa kwa mpira kwenye pikipiki, kwa kuwa mazungumzo ya leo yanahusu kitu kilichomo ndani ya redio hiyohiyo. Matangazo yakiisha na wimbi likipotea, ndicho kinachokuimbia mpaka ng'ombe warudi zizini.

Kitu chenyewe ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Urefu wake ni milimita 15, upana 11, unene milimita 1. Wengine hukiita kadi, wengi wetu twakiita memori. Leo nataka tuelewane namna ya kuichagua na kuitunza. Walio na kalamu waishike, na wasio nayo wasihofu, mambo makubwa nitayarudia.

Nianze na yaliyonipata mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliketi na susu yangu, yaani nyanya yangu, chini ya mwembe, simu nimeiweka juu ya kigoda katikati yetu, akanisimulia njaa ya mwaka 1961. Mnajua wenyewe kwamba wazee wetu hawakuzitunza njaa kwa tarakimu, walizipa majina. Ile ya 1961 ni yua ya ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Ile ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nacho mkononi, kwa sababu mtu alishika pesa na hapakuwa na chakula cha kununua. Maneno mawili tu, na mtoto aliyezaliwa miaka 20 baadaye akiyasikia anajua kilichowapata watu wake. Hiyo ndiyo memori ya kwanza ya Ukambani, na haikuwahi kuhitaji chaji.

Susu alisimulia zaidi ya saa nzima. Katikati akaimba wimbo ambao wao wasichana waliuimba wakitazama juu kuisubiri ndege. Nilirekodi yote kwenye memori iliyoandikwa GB 64, niliyoinunua sokoni kwa bei iliyonifurahisha. Wiki tatu baadaye nikataka kuisikiliza. Jina la faili lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, hata urefu wa saa moja na dakika zake ulikuwepo. Sauti haikuwepo. Nilirudi kwake nikiwa na aibu. Akanisimulia tena, kwa upole wake, lakini safari hii ilikuwa dakika 20, na ule wimbo hakuukumbuka.

Tangu siku hiyo nimejifunza memori kama mtu anayejifunza dawa baada ya kuumwa na nyoka. Ninayowaambia leo ni yale ambayo ningependa niwe nimeambiwa kabla sijakaa chini ya ule mwembe.

Kwanza, memori hufanyaje kazi? Jibu tunalo kwenye mito yetu. Kitui na Makueni zinajulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga. Tunajenga ukuta kukatiza mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha kati ya chembe zake. Kiangazi kikifika, mgeni anaona mchanga mkavu anaupita. Mwenyeji anachimba kidogo na kuchota.

Memori ni bwawa la namna hiyo, ila kilichojificha ndani yake ni umeme. Kadi ina vyumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, na kila chumba kimezungukwa na ukuta usiopitisha umeme. Simu inapohifadhi wimbo, inasukuma chembe za umeme zivuke ukuta zikae ndani. Simu ikizimwa, chembe zimenaswa, haziendi popote. Ndiyo sababu unaweza kuichomoa memori, ukaifunga kwenye ncha ya leso, ukasafiri nayo kutoka Zombe hadi Emali, ukaiingiza kwenye redio nyingine na wimbo ukaendelea.

Aliyevumbua hifadhi ya namna hii ni mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, akiwa katika kampuni ya Toshiba. Aliitangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1984, mwaka uleule wa Nikw'a Ngwete. Mwaka 1987 akaleta muundo wa pili, ulio wa bei nafuu zaidi, na huo ndio ulio ndani ya memori zetu hadi leo. Mwaka huohuo wa 1987 ndio tuliompoteza mwanamuziki Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers. Yeye alirekodi kwenye santuri, na hakupata kuona gitaa lake likibebwa ndani ya kitu kidogo kama punje ya hindi. Kadi zenyewe, zile kubwa za kamera, zilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba kwa pamoja. Hii ndogo ya simu ilikubaliwa rasmi mwaka 2005.

Mfano wa bwawa unatufundisha mambo mawili zaidi. La kwanza, ukuta huchakaa. Kila unapofuta na kuandika upya, ule ukuta wa chumba unadhoofika kidogo. Kusikiliza wimbo hakuuchoshi kwa kiasi cha kutisha, kinachochosha ni kuandika na kufuta, kuandika na kufuta. La pili, bwawa huvuja. Chembe za umeme hutoroka polepole mwaka baada ya mwaka, na joto huzisaidia kutoroka. Memori iliyosahaulika miaka mingi ndani ya kopo juu ya kabati, chini ya mabati ya Kibwezi, inaweza kuamka ikiwa imesahau. Mambo hayo mawili yawekeni akilini, tutayarudia mwishoni.

Sasa tufike sokoni. Umesimama mbele ya meza yenye mwavuli, fundi ana laptopu yake, na kadi zimepangwa kama vitumbua. Uulize maswali matatu. Moja, kifaa changu kinakubali memori gani? Mbili, nataka ifanye kazi gani? Tatu, je, hii ni ya kweli?

Swali la kwanza, kifaa. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bila kudanganywa na yeyote. Memori zina vizazi. Kizazi cha kwanza kinaishia GB 2. Cha pili kina herufi HC, nacho kinatoka juu ya GB 2 hadi GB 32. Cha tatu kina herufi XC, nacho kinatoka juu ya GB 32 hadi terabaiti 2. Herufi hizo zimeandikwa kwenye kadi yenyewe, kwa maandishi madogo, kando ya jina. Itoe juani uisome.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu kila kizazi kina lugha yake ya kupanga mafaili. Kadi ya juu ya GB 2 hadi GB 32 huja na lugha inayoitwa FAT32, ambayo karibu kila redio ndogo, kila kabambe, yaani simu ya vitufe, na kila spika ya sokoni inaielewa. Kadi ya GB 64 kwenda juu huja na lugha nyingine, exFAT, na vifaa vingi vya bei nafuu havijawahi kufundishwa lugha hiyo. Mzee ananunua GB 64 ili asikose nyimbo mwaka mzima, anaiingiza kwenye redio yake, redio inanyamaza. Anarudi na hasira akidhani ameuziwa mbovu. Kadi ni nzima na redio ni nzima, ila hazisikilizani.

Kwa hiyo mwenye redio ndogo, kabambe au spika ya pikipiki asivuke GB 32, na mara nyingi GB 8 au 16 zinamtosha kabisa. Mwenye simu ya mguso atazame kwenye karatasi iliyokuja na simu, au kwenye kisanduku, ajue mwisho wake ni GB ngapi. Atazame pia ile trei ya pembeni. Simu nyingine zina nafasi ya laini mbili na memori kwa pamoja. Nyingine zinakulazimisha uchague, laini ya pili au memori, kwa sababu zinakaa kitanda kimoja. Ni afadhali ulijue hilo kabla ya kununua, usije ukatoa laini unayopokelea pesa za mbaazi kwa sababu ya nyimbo.

Swali la pili, kazi. Tufanye hesabu pamoja. Wimbo wa kawaida wa MP3 hula takriban megabaiti moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti nne. GB 8 basi zinachukua nyimbo kama 2,000. Ukisikiliza saa nne kila siku, mwezi utaisha kabla hujarudi kwenye wimbo wa kwanza. Mchungaji wa Mutha hahitaji GB 128. Picha moja ya simu nayo ni megabaiti tatu, nne au tano, na GB 32 zinachukua maelfu. Video ndiyo mlafi. Saa moja ya video safi ya simu inaweza kula GB 7 au 8, na GB 32 zikajaa kabla bibi harusi hajakata keki.

Lakini ukubwa si kila kitu. Tangi la lita 10,000 lenye bomba jembamba litakupa maji tone kwa tone, na memori ina bomba lake pia, yaani kasi. Kasi imeandikwa kwa alama ndogo tatu au nne. Tafuta herufi C iliyozunguka nambari. Nambari hiyo inasema kadi inaweza kuandika angalau megabaiti ngapi kwa sekunde, iwe mbili, nne, sita au kumi. Tafuta herufi U, imekaa kama kikombe chenye nambari ndani yake. U yenye moja ni megabaiti 10 kwa sekunde, U yenye tatu ni megabaiti 30. Herufi V ni ya video, na nambari inayoifuata inajieleza yenyewe. V30 ni megabaiti 30, V60 ni 60. Herufi A ni ya wanaotaka kuweka programu kwenye memori. A1 inatosha wengi wetu, na A2 ina kasi zaidi kwa simu inayoweza kuitumia.

Tahadhari moja hapa. Kwenye kifurushi utaona nambari kubwa ya kuvutia, labda megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa kawaida hiyo ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Anayerekodi video anahitaji kasi ya kuandika, na kasi hiyo inaahidiwa na zile alama ndogo nilizotaja.

Nifupishe, kila mtu achukue lake. Redio, kabambe na pikipiki: GB 8 hadi 32, kasi yoyote. Simu ya mguso ya picha na WhatsApp: GB 32 hadi 128 kulingana na simu, yenye C kumi na A moja. Wapiga video wa harusi, mazishi na kwaya: U tatu au V30, na msiende kazini na kadi moja, gawanyeni siku kwenye kadi mbili au tatu, kwa sababu harusi hairudiwi. Mwenye duka aliyefunga kamera ya ulinzi, au dereva mwenye kamera ya kioo cha mbele, atafute kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mchana na usiku. Kamera hiyo inafuta na kuandika bila kupumzika, na mnakumbuka nilivyosema, kufuta na kuandika ndiko kunakochosha ukuta. Kadi ya kawaida huko hufa mapema, na mara nyingi utaligundua hilo siku mwizi amekuja.

Swali la tatu ndilo lililoniliza mimi. Je, hii ni ya kweli?

Ndani ya kila kadi, mbali na vile vyumba, kuna msimamizi mdogo. Simu ikiingiziwa kadi inamuuliza, una GB ngapi? Yeye anajibu, na simu inamwamini. Haitumi mtu kuhesabu. Matapeli huchukua kadi yenye GB 4 au 8 za kweli, wanamfundisha msimamizi kusema ana 64, au 512, au terabaiti nzima, kisha wanachapa nambari hiyo juu. Unaiingiza, simu inaonyesha GB 64, unafurahi. Nyimbo za kwanza zinaingia na kuimba vizuri. Ukipita ukomo wa kweli, yanayofuata yanatupwa, au yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo. Majina yanabaki kwenye orodha kwa sababu orodha iko mahali pengine. Vilivyomo havipo. Ndivyo sauti ya susu ilivyokwenda.

Hapa nitofautishe jambo, tusije tukagombana na wauzaji waaminifu. Ukinunua GB 32 na simu ikaonyesha 29 na kitu, hujaibiwa. Watengenezaji huhesabu kwa elfu, na vifaa vingi huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ndiyo inayoonekana. Upungufu huo mdogo ni wa kawaida. Kadi ya tapeli huonyesha ukubwa unaokaribia ule ulioandikwa juu yake, lakini inashika kidogo.

Utaitambuaje? Dalili ya kwanza ni bei. Memori ya terabaiti moja inayouzwa kwa bei ya sahani ya chakula hotelini, iache mezani. Dalili ya pili ni maandishi yaliyopinda, jina lililokosewa herufi, au kadi isiyo na hata moja ya zile alama za C, U, V na A. Lakini dalili hudanganya, kwa kuwa matapeli wa siku hizi wanachapa vizuri. Ushahidi wa kweli ni kuijaza.

Fanya hivi siku unayoinunua. Nakili mafaili ndani yake mpaka ijae kabisa. Ichomoe, irudishe, kisha fungua faili la kwanza, mafaili ya katikati, na la mwisho. Yote yakifunguka na kucheza mpaka mwisho, umeshinda. Kwenye kompyuta kuna programu za bure za kazi hiyo. H2testw ni ya Windows, na F3 ni ya Linux na Mac. Zinajaza kadi, zinasoma upya kila kilichoandikwa, na kukuambia ukweli wake. Fundi mwenye laptopu anaweza kukufanyia, na fundi anayekataa kadi yake ijaribiwe amekwisha kukujibu. Omba risiti pia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, lakini mbele ya sheria au mbele ya muuzaji, asiye na risiti ana maneno tu.

Hayo ni maswali matatu ya kununua. Narudia: kifaa kinakubali gani, kazi ni ipi, na je, ni ya kweli. Sasa tuseme kidogo juu ya kutunza.

Usiichomoe memori wakati kifaa kinaandika. Kwenye simu, nenda kwenye mipangilio, chagua kuiondoa kadi, ndipo uitoe. Kwenye redio, izime kwanza. Kuchomoa ghafla ni kama kumpokonya karani daftari akiwa katikati ya mstari, anaweza kupotea yeye na kurasa zote. Vumbi letu la Kitui ni jekundu na linaingia kila mahali. Vile vipande vya rangi ya dhahabu nyuma ya kadi vipanguse kwa kitambaa laini kikavu, usivikwangue kwa kisu. Usiache simu wala redio juani juu ya tangi la pikipiki.

Simu ikikuambia kadi imeharibika na kukuuliza kama uifomati, jibu hapana. Narudia, jibu hapana kwanza. Ipeleke kwenye kompyuta. Mara nyingi yaliyomo bado yapo. Hata ulichofuta kwa bahati mbaya hakijaondoka siku hiyohiyo, kwa kuwa kinachofutwa mwanzoni ni anwani tu. Acha kuitumia kadi papo hapo, usipige hata picha moja, kisha mtafute anayejua. Programu ya PhotoRec ni ya bure na imewarudishia watu wengi picha zao.

Kuna pia ugonjwa wa saiba. Umepeleka memori kuchapisha barua, umerudi nyumbani, mafaili yote yamegeuka vialama vidogo vya mshale visivyofunguka. Hicho ni kirusi cha kompyuta. Mara nyingi mafaili yako yamefichwa tu, hayajafutwa. Usifomati. Mwombe fundi aiponye kwa programu ya kuua virusi na kuyafichua.

Wenye simu za Android, tangu toleo la sita la mwaka 2015, simu nyingine zinakuuliza kama memori iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi inafungwa kwa siri ya simu hiyo na haisomeki kwingine kokote. Simu ikifa, na yaliyomo kwenye kadi yamekufa nayo. Kama nia yako ni kuhamisha picha na nyimbo, ichague iwe ya kubebeka.

Na unapouza simu, toa memori yako. Wengi wetu tumepiga picha kitambulisho, hati ya shamba, hata namba za siri. Nilisema kufuta ni kufuta anwani. Anayeinunua simu akiwa na ujuzi kidogo anaweza kuyafufua yote hayo.

Nina neno pia kwa ajili ya wanamuziki wetu. Huko ambako mtandao unapatikana kwa kupanda mlima, memori ndiyo barabara ya muziki wa Kikamba. Fundi anakuwekea nyimbo mia kwa shilingi chache, na benga ya Ukambani inafika mpaka mwisho wa njia ya ng'ombe. Hilo limetuunganisha. Lakini katika zile shilingi chache, aliyetunga na kupiga gitaa hapati kitu, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua yeye kuwa mwenye kazi yake. Msanii akija kucheza Wote au Mwingi, lipa kiingilio. Akiuza nyimbo zake mwenyewe, nunua kwake. Tukizoea kujaza memori bure, siku moja hakutakuwa na wimbo mpya wa kuijaza.

Nimalizie kwa lile ninalotaka mlale nalo. Memori si ghala. Wakamba tunajua ikumbi, ghala letu la mavuno, ni nini. Linainuliwa juu ya ardhi, linaezekwa, mavuno yanakaa humo hadi msimu mwingine. Na mkulima mwenye busara haweki mbegu yake yote mahali pamoja. Anaacha nyingine jikoni juu ya moshi, nyingine anampa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto. Memori ni kibuyu cha safarini. Inabeba vizuri, inapotea haraka, inachakaa, inavuja, inaweza hata kumezwa na mtoto. Kitu usichoweza kukipata tena usikiache ndani yake peke yake.

Kanuni ni rahisi. Kiwe na nakala tatu, kwenye vitu vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba yako. Moja kwenye memori, moja kwenye kompyuta ya shule, ya kanisa au ya kijana wako anayesoma chuo, na moja mtandaoni au kwa ndugu aliyeko Nairobi au Mombasa. Mara moja kila mwaka zifungue zote usikilize, ukanakili upya kwenye kadi mpya, kwa maana hata bwawa zuri hukaguliwa ukuta kabla ya mvua.

Zile dakika 20 za susu yangu sasa zinakaa mahali patatu. Wimbo wa wasichana walioingoja ndege haupo popote, nami siwezi kuununua kwa bei yoyote. Lakini wewe unayenisikiliza huenda una mzee nyumbani anayekumbuka yua ya ndeke, au Nikw'a Ngwete, au mipaka ya ukoo, au ngoma ambayo haichezwi tena. Wiki hii nunua memori ya kweli, ijaribu kwa kuijaza, kisha keti naye umrekodi. Na kabla hujalala usiku huo, nakili sauti yake mahali pengine pawili.